Kulea Mtoto Mdogo Mjini: Shida za Kila Siku na Msaada Ulio Karibu

Wazazi wengi wa watoto wadogo katika miji ya Tanzania hulea mbali na kwao. Bibi yuko Bukoba au Lindi, shangazi yuko kijijini, na nyumba ya kupanga ya Mbagala au Nyegezi imejaa watu ambao nao wamehamia juzi. Msaada uliokuwa ukija wenyewe sasa hutafutwa. Upo mwingi kuliko wengi wanavyodhani: katika zahanati, katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katika kikundi cha kuweka na kukopa, kwa jirani wa chumba cha pili. Lakini kila sehemu ina utaratibu wake, na mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa hana muda wa kuanza kuuliza nani yuko wapi. Ndiyo maana mengi kati ya yafuatayo hufaa zaidi yakijulikana mapema, ikiwezekana kabla mtoto hajazaliwa.

Siku arobaini

Arobaini ndicho kipindi ambacho desturi imekipangia msaada. Mama mzazi hupumzishwa, hupikiwa mtori, supu au uji wenye pilipili manga, na mtu mzima wa kike huhamia nyumbani ili kumwogesha mtoto na kufua nepi. Desturi hii ina thamani kubwa kiafya: mama anayelala na kula vizuri hupona haraka na hunyonyesha kwa utulivu. Familia isiyo na mtu wa kuja haina budi kuupanga msaada huo yenyewe, wakati mimba ina miezi saba au minane. Majirani hukubali zamu ndogo zinapoombwa waziwazi, mmoja kufua siku ya Jumanne, mwingine kumpeleka mtoto mkubwa shule. Ombi la jumla la kusaidiwa huachwa likining'inia, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ameshaitikia.

Baadhi ya mambo yanayofanywa ndani ya arobaini yanahitaji kusahihishwa. Kumkanda mama tumbo kwa maji ya moto kunaweza kumuunguza, na ni hatari zaidi kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Kizazi hurudi chenyewe, na mtoto anaponyonya hukisaidia kurudi. Kitovu cha mtoto huachwa kikavu na safi, bila majivu wala mafuta, isipokuwa mhudumu ameagiza dawa. Maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, hayakamuliwi na kumwagwa. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na anatakiwa kuanza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maji ya sukari, asali na dawa za kutuliza tumbo havihitajiki.

Ugumu ni namna ya kuyasema haya kwa mama mkwe aliyelea watoto saba. Mkwe akibishana na mkwewe, nyumba nzima hugawanyika, na mara nyingi anayeshindwa ni yule aliyejifungua juzi. Njia yenye heshima na inayofaa zaidi ni kwenda na bibi kliniki. Anapoelezwa na muuguzi, tena akiulizwa naye alileaje, huondoka akiwa mlinzi wa maelekezo hayo badala ya mpinzani wake.

Mama na mtoto wanapaswa kuonwa na mhudumu ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, tena ndani ya juma la kwanza, kisha siku ya 28 na siku ya 42. Mahudhurio haya hurukwa sana, hasa kwa sababu mama anajiona mzima. Damu inayoloanisha pedi mfululizo, homa, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au uchafu wenye harufu mbaya ni sababu za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, kuna usafiri wa mfumo wa M-Mama unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Mfumo huo hutumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa kawaida walioandikishwa katika jamii. Namba hii ibandikwe ukutani, kwa sababu simu ya mwenye kujua huwa imezimika usiku ule inapohitajika.

Jambo moja la arobaini hufichwa na pongezi. Mama wengi hulia ovyo au kukosa raha siku chache baada ya kujifungua, na hali hiyo hupita ndani ya majuma mawili. Isipopita, mama akawa hana hamu ya chakula, halali hata mtoto akilala, anajiona hafai au hamjali mtoto, hiyo ni sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa wenye tiba. Haitokani na upungufu wa imani wala na uvivu, na kumwambia mama ashukuru tu kwa kuwa kapata mtoto humfanya anyamaze bila kupona. Mume au ndugu anayeona dalili hizi amsindikize kituoni na azieleze mwenyewe, kwa kuwa mgonjwa wa sonona mara nyingi husema hajambo. Mama anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayezungumza juu ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hafai kuachwa peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali mara moja.

Kadi na cheti

Kadi ya kliniki ndiyo kumbukumbu ya afya ya mtoto. Huonyesha uzito wake, chanjo na matone ya vitamini A, na mtoto anayebadilisha kituo bila kadi huanza upya machoni pa wahudumu. Chanjo huanza mtoto anapozaliwa kwa ile ya kifua kikuu na matone ya polio, huendelea katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubella katika miezi 9 na 18. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto anatembea na mama amerudi kazini. Hudhurio la miezi 9 lina faida nyingine: ndipo mtoto anapopatiwa chandarua chenye dawa kwa utaratibu wa kliniki. Matone ya vitamini A hutolewa kuanzia miezi 6 na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja, mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida katika kampeni za Juni na Desemba.

Cheti cha kuzaliwa ni jambo la pili, na wengi hukiahirisha hadi shule ikidai. Tanzania Bara, mtoto anapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) una mpango unaowezesha watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 kusajiliwa na kupewa cheti bila ada katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mzazi aende na tangazo la kizazi alilopewa hospitalini. Aliyejifungulia nyumbani aanzie kwa uongozi wa mtaa au kijiji. Mama anaweza kumsajili mtoto hata kama baba hayupo au hajulikani aliko. Zanzibar ina sheria na wakala wake wa usajili.

Kunyonyesha na kurudi kazini

Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha huendelea kunyonya huku akila hadi miaka 2 au zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 64 kati ya 100 wenye umri wa chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonyeshwa maziwa pekee. Si wote waliobaki walionyimwa kwa ujinga. Wapo ambao mama zao walikuwa wamerudi kazini.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana haki ya siku 3 zenye malipo, akizichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Notisi ya likizo hutolewa kwa mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, ikiambatana na cheti cha daktari. Ni vyema barua ipelekwe kwa maandishi na nakala igongwe muhuri, kwa kuwa mwajiri anayekataa baadaye husema hakuarifiwa. Mgogoro usiosuluhishwa kazini hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyefukuzwa ana siku 30 tu za kulalamika, na kwa malalamiko mengine siku 60. Siku hizo huisha upesi kwa mtu mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo mtu wa familia asaidie kuzifuatilia.

Sheria hiyo haimfikii mama lishe, muuza mboga wala mfuaji wa nguo za watu, nao ndio wengi. Kwao arobaini yenyewe ni hasara ya mtaji. Kinachowezekana ni kuweka akiba ya miezi michache wakati wa mimba kupitia upatu au kikundi, kupata mtu wa kushika genge kwa makubaliano ya kugawana faida, na kujifunza kukamua maziwa. Maziwa hukamuliwa kwa mikono iliyooshwa, huwekwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, na kwa joto la pwani hutumiwa ndani ya saa chache. Katika friji hukaa hadi siku 4. Mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko. Chupa za nyonyo ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.

Chakula baada ya miezi sita

Mwaka 2022 watoto 30 kati ya 100 wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Udumavu hauonekani kirahisi, kwa sababu mtoto anaweza kuwa mnene wa mashavu na bado akawa mfupi kuliko umri wake. Chanzo chake kikubwa ni chakula cha aina moja na magonjwa ya mara kwa mara kabla ya kutimiza miaka 2.

Uji mwepesi ndio kosa la kawaida. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji halina nafasi ya chakula. Uji unaofaa hukaa juu ya kijiko bila kuchuruzika. Unga wa lishe wenye nafaka na mikunde ya aina nyingi, unaouzwa na kusifiwa kila soko, hauna ubora ambao wengi wanauamini: maharage, soya, karanga na mahindi haviivi kwa muda mmoja, na mikunde isiyoiva vizuri humsumbua mtoto tumbo. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni salama na rahisi zaidi kutumia unga wa nafaka moja iliyochambuliwa, kisha kuongeza kitu kingine wakati wa kupika au wa kula: dagaa waliosagwa, yai, maziwa, maharage yaliyopondwa, kijiko cha mafuta.

Kuanzia miezi 6 hadi 8 mtoto hula mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9 mara tatu au nne, na asusa ya tunda katikati. Kwa siku nzima apate angalau makundi matano kati ya haya, maziwa ya mama nayo yakihesabiwa kuwa kundi mojawapo: nafaka au mizizi, mikunde, vyakula vya wanyama, mboga na matunda yenye rangi ya njano au kijani, na matunda mengine. Dagaa wa Mwanza au Kigoma, mchicha, boga, parachichi na papai hupatikana kwa bei ndogo kuliko vyakula vya makopo vyenye picha ya mtoto mnene. Ale kwenye sahani yake mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja anayekula sinia moja na kaka zake hushiba macho tu.

Ugonjwa, na maneno ya mtaani juu ya ugonjwa

Kuna dalili nne ambazo hazisubiri asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hazinduki vizuri. Ya tano ni kupumua kwa shida. Mzazi anaweza kuhesabu mwenyewe pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika moja nzima: 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa mwaka mmoja hadi mitano, huashiria nimonia. Mbavu zinazobonyea ndani kila anapovuta pumzi ni dalili mbaya zaidi.

Homa hupimwa kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi katika zahanati, na dawa ya mseto hutolewa kwa uzito wa mtoto. Kununua dawa ya mseto au viuavijasumu katika duka la dawa muhimu kwa kukisia huficha ugonjwa wenyewe. Kwa kuhara, mtoto hupewa chumvichumvi za ORS zilizochanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo kwa kijiko, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Aendelee kunyonya na kula. Damu kwenye kinyesi, macho yaliyodidimia au ngozi inayochelewa kurudi inapofinywa humaanisha kituo cha afya.

Mtaani, baadhi ya magonjwa haya yana majina yanayompeleka mtoto kwingine. Degedege husemwa kuwa ni la shetani, na mtoto hufukizwa moshi au hunyimwa sindano kwa hofu kwamba itamwua. Kwa kweli ni mtukutiko unaoletwa na homa kali, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na kila saa inayopotea ni saa ya ubongo kuumia. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni, na apelekwe hospitali bila kusubiri azinduke. Kikohozi kisichoisha huambiwa kimeo, na fundi hukikata kwa wembe. Watoto wamevuja damu na kufa kwa jambo hilo, huku nimonia, pumu au kifua kikuu kikibaki bila tiba. Meno ya plastiki, yanayong'olewa kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa na kuhara, ni machipukizi ya meno yake mwenyewe.

Lililo zito kuliko yote ni kubemenda. Mtoto anapokonda, nywele zikanyauka na miguu ikavimba, husemwa kwamba wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya wakati au baba ametoka nje ya ndoa. Kwa aibu hiyo, wazazi humficha mtoto ndani, na mama huona kheri kwenda kwa mganga usiku kuliko kusimama kwenye foleni ya kliniki mchana. Hali hiyo ni utapiamlo mkali. Huletwa na njaa, na pengine na ugonjwa uliojificha kama kifua kikuu au maambukizi ya VVU, na haina uhusiano wowote na tendo la ndoa. Muuguzi au mhudumu wa jamii hupima mkono wa mtoto kwa utepe. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59, mzingo chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo huanzishiwa chakula dawa. Jirani anayesikia mtoto fulani amebemendwa anaweza kuokoa maisha kwa kumwita mhudumu wa jamii aingie nyumba hiyo kimyakimya, bila mkutano.

Kwa sera ya serikali, watoto chini ya miaka 5 hawalipi katika vituo vya umma. Hali halisi ni kwamba dawa huisha, na mzazi hutumwa kununua nje. Anayeshindwa aulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kushughulikia msamaha. Ofisi hiyo haitangazwi sana. Ushauri wa afya kwa simu hutolewa na Wizara ya Afya kwa namba 199, bila malipo.

Nani atabaki na mtoto

Mzazi anayefanya kazi huchagua kati ya ndugu, dada wa kazi na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Vituo hivyo, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, vinapaswa kusajiliwa, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayejua vilivyosajiliwa. Cheti ukutani ni mwanzo tu. Ni bora mzazi afike saa ambayo hakutegemewa, aone watoto wangapi wana mlezi mmoja, kama lango linafungwa, maji na choo vikoje, na watoto wanafanya nini saa nne asubuhi. Mtoto anayerudi kila siku akiwa mzito wa usingizi kupita kawaida, mwenye njaa, au anayelia kwa hofu anapoiona nyumba ile, amesema alichoweza kusema.

Dada wa kazi ni mfanyakazi. Sheria hairuhusu kumwajiri mwenye umri wa chini ya miaka 14, na aliye kati ya miaka 14 na 18 bado ni mtoto, hafai kukabidhiwa mchana kutwa mtoto wa miezi minne. Makubaliano ya mshahara, mapumziko, siku ya kupumzika na mahali pa kulala yaandikwe. Binti anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri hawezi kuwa mvumilivu kwa mtoto anayelia, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Anapaswa pia kufundishwa: namna ya kutengeneza ORS, namba za simu, na kwamba mtoto hapigwi wala hatikiswi. Kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu kunaweza kumvujisha damu ubongoni.

Ukatili ukishukiwa, huduma ya simu kwa mtoto ni 116, bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Kikao cha familia cha kuyamaliza kimyakimya kwa fidia hakimlindi mtoto huyo wala mwingine atakayefuata.

Ajali za chumba kimoja

Panapopikwa ndipo panapolalwa, hatari iko usawa wa mkono wa mtoto. Jiko la mkaa liwekwe nje au mahali palipoinuka, na lisiachwe likiwaka ndani watu wakiwa wamelala, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu. Ndoo na madumu ya maji yafunikwe. Mtoto anayetambaa huzama katika maji ya kina kifupi. Mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu visiwekwe kwenye chupa za soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, bali akimbizwe hospitali. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na ute wa yai havipakwi.

Fedha za malezi

Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA na vingine, vingi vina mfuko wa jamii wa ugonjwa na uzazi, na mama anayejiunga kabla ya kujifungua hufaidika nao. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hueleza utaratibu. Kaya iliyo katika umaskini mkubwa iulizie uongozi wa mtaa juu ya ruzuku za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Uteuzi hufanyika kwa vipindi kupitia mkutano wa hadhara, kwa hiyo asiyehudhuria mikutano ya mtaa husikia majina yakiwa yameshapita.

Mazungumzo, michezo na mtoto anayechelewa

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu mazungumzo na michezo kuwa sawa na lishe na chanjo. Mazungumzo na michezo havihitaji fedha. Mzazi anayechambua mchele anaweza kutaja rangi na idadi. Vifuniko vya chupa, mwiko na sufuria vinatosha kwa mchezo. Hadithi za Sungura na Fisi zinasimuliwa gizani umeme ukikatika. Simu hunyamazisha mtoto lakini haimfundishi kuongea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na kwa wa miaka 2 hadi 4 muda huo usizidi saa moja kwa siku.

Mtoto asiyekaza shingo afikapo miezi 4, asiyekaa afikapo miezi 9, asiyetembea wala kutamka neno afikapo miezi 18, au asiyeitikia sauti, aonyeshwe kliniki bila kusubiri kuambiwa kuwa hata babake alichelewa. Mguu kifundo hunyooshwa vizuri zaidi ukianza kutibiwa katika majuma ya kwanza. Mdomo sungura hushonwa. Katika Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT hushughulikia hali hizo mbili, na watoto wenye kichwa kikubwa au mgongo wazi hutibiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwa mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo, mazoezi ya nyumbani hufanya kazi kubwa, na wazazi wengine wenye watoto wa hali hiyo ndio walimu bora wa namna ya kulisha, kubeba na kupumzika. Muuguzi aombwe kuwakutanisha.

Darasa la awali

Elimu ya awali ya mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza haina ada katika shule za serikali. Uandikishaji kwa kawaida hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka, na masomo huanza Januari. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na amweleze mwalimu ugonjwa au ulemavu wowote wa mtoto siku ileile ya kuandikisha. Michango ya uji hukubaliwa katika kikao cha wazazi, hivyo asiyeweza kuilipa aseme hapo au kwa mwalimu mkuu mapema; mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.